Mgambo na magonjwa ya mlipuko Kigoma: maswali mnayouliza kila siku

Mwakeye wana Kigoma. Mi ni mgambo, mafunzo nilimalizia Kasulu miaka mingi sasa, na tangu siku hiyo nimesimama na bwana afya kwenye ndoo za klorini mara nyingi kuliko nilivyoshika bunduki. Kila kukisikika ugonjwa Kongo, Burundi au huko Kagera naulizwa maswali yale yale, stendi ya Masanga, mwaloni Kibirizi, msibani, mpaka harusini mtu ananivuta pembeni na sahani yangu ya pilau mkononi. Nimeyakusanya hapa. Kama jibu lipo kwenye swali lingine nitakwambia nenda pale, sirudii.

## Mambo ya mwanzo

1. Jeshi la Akiba ndo mgambo, au ni vitu viwili?

Mtaani ni kitu kimoja, na hata siku ya kufunga mafunzo mgeni rasmi anasema "wahitimu wa Jeshi la Akiba" alafu sentensi inayofuata anawaita mgambo. Ni raia wa kawaida tu, mkulima wa mihogo, mvuvi, bodaboda, fundi cherehani, anapita mafunzo miezi minne hivi karibu na kwao: mchakamchaka alfajiri, gwaride, silaha, kusoma ramani, huduma ya kwanza, sheria kidogo. Akimaliza anarudi kwake maisha yanaendelea, siku akihitajika anaitwa. Wilayani anayewasimamia ni mshauri wa mgambo, na huyo sio mgambo mwenzetu, ni mwanajeshi wa JWTZ kabisa aliyepangiwa pale.

Msichanganye na JKT, wale ni vijana wanaokaa kambini, huku kwetu Bulombora, Kanembwa na Mtabila, wenzetu Tabora wana Msange. Na msichanganye na sungusungu, wale ni ulinzi wa wananchi wenyewe kijijini, hawajapita kwa mshauri.

2. Sasa askari anatafuta nini kwenye ugonjwa? Kirusi hakipigwi risasi.

Hili ndo namba moja kwa kuulizwa, na anayeuliza huwa anacheka kabisa. Jibu ni kwamba ugonjwa ukilipuka kinachoisha kwanza sio dawa, ni watu. Zahanati ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, ghafla kuna foleni ya watu mia mbili, maji yanatakiwa yachotwe, klorini ichanganywe, mahema yasimame, mtu apokee majina getini, mtu azuie ndugu wasiingie wodini na chakula, gari lipakuliwe usiku. Hakuna hata kazi moja hapo inayohitaji digrii ya udaktari. Inahitaji watu wenye nguvu, wanaofuata utaratibu, wanaokuja saa waliyoambiwa. Jeshi la akiba ndo hilo hilo, watu waliokwisha kupangwa wakakaa wanasubiri.

Nchi zote zimefanya hivo. Uswisi Machi 2020 waliruhusu kuita askari mpaka 8,000, na jeshi la kule karibu lote ni raia wanaoitwa kwa zamu, wakasema hawajaita watu wengi namna ile tangu Vita ya Pili ya Dunia. New York mwezi huo huo kuna mji unaitwa New Rochelle ulikuwa na maambukizi mengi, gavana akatuma National Guard, ndo jeshi la akiba la kule, nayo ilienda kufanya nini? Kugawa chakula na kusafisha majengo ya umma. Ukisikia "jeshi limeingia" unawaza vifaru, kumbe wamebeba maboksi ya vyakula.

Ila ujue na mipaka yake. London walijenga hospitali ndani ya ukumbi wa maonyesho, jeshi likasaidia, siku tisa imesimama, ina nafasi ya vitanda mpaka 4,000. Wimbi lile la kwanza ilitibu wagonjwa 54. Sababu ziko kadhaa, mojawapo ni kwamba hospitali zingine ziliweza kujibana zikapokea, na nyingine ni kwamba kitanda bila muuguzi wa chumba cha mahututi ni fenicha tu. Askari anajenga hema kwa siku moja, muuguzi hajengwi kwa siku moja.

3. Nani anatoa amri mgambo watoke? Mwenyekiti wa mtaa anaweza?

Hapana. Mwenyekiti anaomba, haamuru. Kawaida wilayani maneno yanapita kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndo mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, na mshauri wa mgambo anakuwa pale. Kwenye maafa kuna pia kamati za maafa kuanzia mkoa mpaka kijiji, hizi zipo kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, na juu yake kuna ofisi ya Waziri Mkuu. Mambo ya ugonjwa wenyewe, kama nani atengwe na nani apimwe, yako kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na ni ya watu wa afya.

Na hapa ndo msimamo wangu, mtaukuta tena huko chini: kwenye mlipuko mwenye kauli ni mganga mkuu na bwana afya, mgambo ni mikono yake. Siku mgambo anageuka kichwa, kazi inaharibika.

4. Mlipuko na janga la dunia tofauti yake nini?

Ukubwa. Kipindupindu Uvinza ni mlipuko. Korona ilipoenea nchi nyingi duniani ikaitwa janga, Shirika la Afya Duniani lilitamka hivo 11 Machi 2020. Kwa aliyesimama kwenye ndoo tofauti ni ndogo sana, ndoo ni ile ile.

## Huku kwetu

5. Kwa nini kila ugonjwa ukitokea mahali Kigoma inatajwa?

Angalia ramani alafu urudi. Tuna ziwa, ng'ambo ni Kongo, juu ni Burundi, kaskazini tunapakana na Kagera, na tuna kambi za wakimbizi. Boti za mbao zinatoka Kibirizi na Katonga usiku na mchana, watu wanavuka Manyovu na Mabamba kwenda sokoni kama wewe unavyoenda dukani. Ebola ya Kivu ile ya 2018 mpaka 2020, Kigoma ilikaa macho muda wote. Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023 ikaua watu sita, ikarudi tena Biharamulo Januari 2025 wakafa kumi, na Biharamulo na Kakonko ni majirani, gari linatoka asubuhi linafika mchana.

Lakini kisa ambacho Kigoma hatutasahau ni Kagunga 2015. Kijiji kiko ufukweni, nyuma mlima mbele maji, huwezi kutoka isipokuwa kwa boti, na ndani ya wiki chache zikaingia maelfu kwa maelfu ya watu wanaokimbia Burundi. Vyoo hamna, maji ni ya ziwa, unakunywa hapo unajisaidia hapo. Kipindupindu kikapiga, wagonjwa wakapita 3,000, wakafa watu zaidi ya 30. MV Liemba, meli ya tangu enzi za Mjerumani, ikawa inabeba watu mia sita hivi kwa safari kuwaleta mjini, wanashushwa na kupelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, ule ule tunaoangalia mpira. Nikiwaza watu wa akiba wanahitajika wapi, nawaza pale gatini: mtu wa kumshika mkono mama mwenye mtoto mgongoni anayeharisha, amwelekeze kwenye hema la maji ya chumvi na sukari na sio kwenye foleni ya basi.

6. 2020 si mlikuwepo? Mlifanya nini hasa?

Tanzania hatukufungiwa ndani, hilo lazima liwe wazi maana kuna vijana sasa wanaongea kama tulikuwa na lokidauni. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi, kesho yake shule zikafungwa, mikusanyiko ya mpira ikasimama, misikiti na makanisa yakabaki wazi, masoko wazi, boti zinatembea. Kwa hiyo kazi haikuwa kufunga watu ndani, kazi ilikuwa ndoo.

Mi nilikuwa mwaloni. Saa kumi na moja alfajiri dagaa zinaingia, wamama na mabeseni yao, wachuuzi wa migebuka, vijana wa kubeba, kila mtu ana haraka maana samaki hasubiri. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha maji yapo na mtu ananawa kabla hajaingia. Siku ya kwanza tulisimama kimgambo, miguu imepanuliwa, sauti juu, "nawa mama!", wakatuzunguka wote wakapita upande wa mitumbwi. Siku ya pili mwenzangu mmoja ambaye dada yake anauza dagaa pale pale akaachana na sauti, akawa anashika jagi anawamwagilia yeye mwenyewe, shikamoo mama, karibu maji, anauliza na bei ya leo. Foleni ikajipanga yenyewe. Tangu hapo sikumuona tena mtu wa kuzunguka, isipokuwa walevi.

Tatizo lilikuwa maji yenyewe, ndoo ya lita ishirini na umati ule inakata dakika ishirini, na sabuni inaibiwa, sitaki kudanganya. Tukaanza kuikata vipande tukaifunga kwenye wavu wa dagaa tukaining'iniza. Vijijini wengine walitumia kibuyu chirizi, kile cha kukanyaga kijiti, kinakula maji kidogo sana, na ukiniuliza mimi kilifanya kazi kuliko ndoo za bomba zilizoletwa na stika.

7. Mgambo wanaingia kambini Nyarugusu?

Kambi ina utaratibu wake, iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kuna mkuu wa kambi, kuna polisi, na wakimbizi wenyewe wana ulinzi wao wanauita sungusungu. Mgambo wa kijiji cha jirani haamki tu akaingia. Ugonjwa hauheshimu geti lakini, soko la pembeni ya kambi linachanganya kila mtu, kwa hiyo kazi yetu inakuwa huku nje kwenye vijiji vinavyozunguka.

8. Kufunga njia ya Manyovu si ndo dawa? Mgambo wakae pale basi.

Inategemea ugonjwa, na watu wengi wanakosea hapa hata viongozi. Kipindupindu hukizuii kwa kamba barabarani, unakizuia kwa maji safi na choo, ukiweka mgambo hamsini mpakani na kisima kikabaki kichafu umepoteza posho za watu hamsini. Ebola na Marburg zinapita kwa majimaji ya mwili ya mgonjwa au maiti, hapo kujua nani kagusa nani ni muhimu kuliko geti. Ugonjwa wa kifua kama korona, geti linachelewesha tu kidogo.

Na mpaka wa Burundi una njia za panya ambazo hata mi siwezi kuzihesabu. Ukifunga ile kubwa watu wanapita kwenye migomba, hawapimwi joto, hawaandikwi majina, umejifumba macho mwenyewe.

## Mamlaka na fimbo

9. Mgambo anaweza kunikamata?

Akiwa kazini, ametumwa rasmi, ndio, sheria inamruhusu kukamata. Ila kukamata maana yake kukushika na kukufikisha polisi bila kuchelewa. Sio kukupiga, sio kukuruka kichura mbele ya wakwe zako, sio kukuchukulia ndoo ya samaki, na sio kukutoza faini mkononi. Faini bila risiti ya serikali ni wizi. Mtu akidai hela muulize kwa upole, "afande, kituo gani na umetumwa na nani?", sauti ya kawaida tu, na uangalie kama kuna mtendaji karibu. Matapeli wa sare nimewaweka swali la 17.

10. Bila fimbo watu wa huku watasikia kweli?

Nimeulizwa hili na mgambo wenzangu zaidi ya raia. Tuangalie waliotumia fimbo walipata nini.

Uganda, Machi 2020, LDU, ambao ndo kama mgambo wao, walionekana kwenye video wanachapa wamama wauza matunda Kampala. Mkuu wa majeshi akaomba radhi hadharani, na miezi michache baadae LDU wakatolewa mtaani wakarudishwe mafunzoni. Afrika Kusini, Aprili 2020, rais aliruhusu kuongeza wanajeshi 73,180 wakiwemo wa akiba kulinda lokidauni, na kabla hata ya tangazo hilo kuna mwanaume alishakufa mtaa wa Alexandra, Johannesburg, baada ya kupigwa na askari nyumbani kwake, kisa pombe uani. Kesi ikaenda mahakamani. Jiulize baada ya hapo, mtu wa mtaa ule akiona sare inakuja na kipima joto anafungua mlango au anaruka ukuta?

Kisa ninachowasimulia kuruta kila mwaka lakini ni cha Liberia. Agosti 2014, Ebola iko Monrovia, serikali ikaamka asubuhi ikazungushia mtaa wa West Point waya, askari na polisi wako na silaha, watu makumi elfu wako ndani, chakula kinapanda bei saa ile ile. Vurugu zikatokea, risasi, kijana wa miaka 15 akafa. Siku kama kumi karantini ikaondolewa. Na kilichosaidia Monrovia baadae ni vijana na wazee wa mitaa wenyewe kuzunguka nyumba kwa nyumba, wanajua kwa nani kuna mgonjwa kafichwa chumba cha nyuma. Ugonjwa unafichwa na watu wanaoogopa. Ukimwogopesha zaidi anauficha zaidi, wala sio hesabu ngumu.

Ndo maana nasema faida ya mgambo sio bunduki, bunduki polisi wanazo. Faida yake ni kwamba anaitwa kwa jina la mama yake. Anajua nyumba ya fulani ina mlango wa nyuma, anajua mzee yule ukimsalimia Kiha analainika. Ukimvalisha sura ya ukali umeitupa faida yote.

11. Mgambo anaruhusiwa kuchoma chanjo au kutoa dawa?

Hapana, labda awe ni muuguzi ambaye pia ni mgambo, na hapo anachoma kwa sababu ni muuguzi. Anaweza kupanga foleni, kubeba friji la chanjo, kuandika majina. Chanjo za kwanza za korona zilipofika nchini Julai 2021, dozi milioni moja na kidogo za Johnson, kazi kubwa haikuwa sindano, ilikuwa kumshawishi mtu aje, na hapo jirani anashawishi kuliko tangazo.

Hapo hapo kuna mtego unaowasumbua hata wenye majeshi makubwa. Askari wa akiba aliye daktari, kazi yake ya kawaida ni udaktari hospitalini! Ukimwita avae sare umemtoa wodi A ukampeleka wodi B, umechota maji kwenye ndoo ukayamwaga kwenye ndoo ile ile. Marekani 2020 ilibidi waangalie kila jina kabla ya kuita. Na sisi hapa dereva wa gari la wagonjwa akiwa mgambo, muacheni kwenye gari lake.

## Hela, kazi na afya ya mgambo mwenyewe

12. Mnalipwa shingapi?

Haha. Swali la pili kwa kuulizwa.

Mgambo aliyeajiriwa na halmashauri ana mshahara wake. Wa kuitwa kwa dharura anapewa posho, na posho inategemea nani mwenye fungu siku hiyo, halmashauri, mradi au mfadhili. Niliwahi kufanya siku kumi na nne nikalipwa za tisa, siku tano ziliyeyuka mezani kwa mtu, sitamtaja. Tangu hapo ushauri wangu ni mmoja: kabla hujasimama pale uliza maswali matatu, naitwa na nani, kwa siku ngapi, na daftari la mahudhurio anashika nani. Usisaini mwisho wa wiki, saini kila siku, tarehe na saa.

13. Mtoto wa jirani alihamia Marekani kutoka Nyarugusu, sasa yuko National Guard. Mbona yeye analipwa vizuri?

Analipwa ndio, lakini usidhani hawabishani. National Guard ni raia kama sisi, wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka wanafanya mazoezi, siku zingine yuko kazini kwake. Kitu cha ajabu kwao ni kwamba ana mabosi wawili, gavana wa jimbo na rais. Gavana akimwita kwa amri ya jimbo, jimbo linalipa. Kuna njia ya katikati wanaiita Title 32, gavana anaamuru lakini serikali kuu inalipa, na hiyo ndo ilitumika sana kwenye korona, ilianza Machi 2020 kwa New York, California na Washington alafu wengine wakafuata. Ya tatu rais anawachukua kabisa wanakuwa kama jeshi la kawaida.

Sasa sikia. Amri ile ya 2020 ilipangwa iishe 24 Juni, na kwa wengi hiyo ingekuwa siku ya 89. Kuna mafao ya masomo na kustaafu mapema yanaanza kuhesabika ukifikisha siku 90. Siku moja! Watu wakapiga kelele, muda ukaongezwa. Nikisoma hiyo nakumbuka siku zangu tano za mezani, nikaona kumbe daftari la mahudhurio ni vita ya dunia nzima.

14. Mwajiri wangu atanielewa nikiitwa?

Omba barua, yenye muhuri, yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, mpelekee kabla hujaondoka sio baada. Bosi wa duka Mwanga anaelewa barua kuliko simu. Kama wewe ni bodaboda au mvuvi hamna bosi lakini hasara ipo, kwa hiyo tunaomba zamu fupi, siku tatu ndani siku tatu nje. Zamu ndefu zinawachosha watu na mtu aliyechoka ndo anaanza kusahau kunawa.

15. Nikiambukizwa pale?

Kwanza kataa kusimama bila vifaa, hilo sio uoga. Kwa kipindupindu unahitaji buti za mpira, glovu na klorini. Jifunze vipimo viwili tu vya klorini: asilimia 0.05 ni ya kunawa mikono, asilimia 0.5 ni ya kufutia sakafu na vitanda. Mara kumi ya nguvu. Mtu akikosea akanawa kwa ile kali ngozi inaondoka, na akifuta sakafu kwa ile nyepesi anafuta bure. Andika kwenye ndoo kwa makapeni, MIKONO na SAKAFU, usitegemee kumbukumbu.

Kwa Marburg au Ebola mgambo hagusi mgonjwa wala maiti, hata akiombwa na ndugu, hata akiambiwa wewe mwanaume gani. Pale kuna timu yenye mavazi kamili. Ukipata homa toa taarifa siku hiyo hiyo, usisubiri zamu iishe.

## Yale magumu

16. Jeshi lenyewe linaweza kuleta ugonjwa?

Linaweza, na limeshaleta. Haiti walikuwa hawana kumbukumbu ya kipindupindu kabla ya Oktoba 2010. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal walikuwa na kambi yenye mfumo mbovu wa maji taka, uchafu ukaingia mtoni, wakafa watu karibu 10,000 ndani ya miaka michache, na ilichukua mpaka 2016 Umoja wa Mataifa kukiri sehemu yake. Homa kali ya 1918 nayo ilipita kwa kasi kwenye kambi za askari wa Marekani kabla ya kupanda meli kwenda vitani Ulaya. Watu wengi, bweni moja, sufuria moja, unategemea nini.

Kwa hiyo ukileta mgambo sitini kutoka Kasulu kuja Kagunga, kitu cha kwanza kinachojengwa ni choo chao, kabla ya hema la kamanda. Bora zaidi usiwalete kabisa, tumia wa Kagunga hao hao.

17. Kuna watu wamevaa kombati wanapita nyumba kwa nyumba wanasema "kampeni ya ugonjwa, toa elfu tano".

Matapeli hao. Timu ya kweli inakuja na mtu unayemjua: balozi, mwenyekiti, mtendaji, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Haiji usiku na haichukui hela. Wakija peke yao usipigane, sema subirini nimwite mwenyekiti, utaona wanakumbuka wana safari.

18. Nikipangiwa kulinda nyumba ya ndugu yangu iliyowekwa karantini?

Hii imenikuta. Shemeji yangu na watoto ndani, mimi nje. Omba kubadilishwa, na kiongozi mwenye akili atakubali bila maneno, maana utafanya moja kati ya mawili, utamlegezea au utajifanya mkali kupita kiasi ili usionekane umemlegezea. Mi nilifanya la pili na mpaka leo shemeji hajanisamehe vizuri. Wakikosa wa kukubadilisha basi hamisha kazi, wewe uwe wa kupeleka maji na unga mlangoni, mwingine ashike daftari. Nyumba yoyote ya karantini bila chakula wana haki ya kutoka, sisemi kisheria, nasema ki-tumbo.

19. Maziko je? Huku kwetu mtu hazikwi na wageni.

Ndo pagumu kuliko pote. Kwa Marburg na Ebola maiti ni hatari kuliko hata mgonjwa, na sisi tumezoea kuosha, kukumbatia, kulala msibani. Mgambo akitumwa kuzuia kwa nguvu anaingia kwenye ugomvi wa ukoo. Nilichoona kinafanya kazi ni kukaa na wazee kwanza, hata kama ni nusu saa na timu inasubiri kwenye gari, wachague wao mahali pa kaburi, shehe au padri asome kwa umbali, ndugu wawili waruhusiwe kuona jeneza likishuka. Timu inabeba, familia inaongoza. Mgambo anasimama barabarani kuzuia magari na watoto, basi.

20. Vijana wa JKT wanaweza kuitwa pia?

Serikali ikiamua ndio, kwenye maporomoko ya Hanang Desemba 2023 wanajeshi walikuwepo kwenye tope wanachimba. Ila kwa ugonjwa wa kuambukiza fikiria mara mbili, kijana anatoka kwenye mlipuko anarudi kulala bweni la watu mia. Soma swali la 16. Akitoka, akae pembeni kwanza.

21. Mlipuko ukiisha mgambo anarudi nyumbani lini?

Kwa Marburg na Ebola inahesabiwa siku 42, yaani siku 21 mara mbili, tangu mgonjwa wa mwisho apone na vipimo viwe safi au azikwe salama. Mgonjwa mpya akitokea siku ya 40 hesabu inaanza moja. Zile siku za mwisho ndo mbaya kwa uvivu, watu wanaona imeisha, ndoo zinakauka, mgambo analala kwenye benchi. Mi nawapa walio wachangamfu zamu za wiki ya mwisho, wale wa mwanzo wanajituma wenyewe.

Siku ya kufunga kunarudishwa buti, bomba la kupulizia, daftari na ndoo za kituo. Kagueni buti zote kabla hazijaingia stoo, zisafishwe kwa ile klorini ya SAKAFU, maana mwaka fulani zilifungiwa na tope lake na tulipozifungua msimu uliofuata tulikuta panya wamezaa ndani, jozi kumi na moja zote za kutupa.